Tiba ya Mwili kwa Walioteswa Kizuizini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu waliopitia mikononi mwa polisi, wanajeshi, askari magereza au makundi yenye silaha, na jamaa zao, na wahudumu wa afya wanaowapokea. Soma linalokuhusu, si lazima ufuate mpangilio. Ukiona kifua kinabana unaposoma, weka simu chini, tembea kidogo, urudi baadaye.

Tiba ya mwili ni nini, na inatofautianaje na ushauri nasaha?

Ushauri nasaha huanzia kwenye maneno. Tiba ya mwili huanzia kwenye pumzi, misuli, mkao, maumivu na usingizi. Ndani yake mna fiziotherapia ya kawaida ya kunyoosha na kuimarisha viungo, mazoezi ya kupumua na kulegeza misuli, na kujizoeza kutambua kinachoendelea mwilini kabla hakijakuzidi nguvu. Haichukui nafasi ya mazungumzo. Penye huduma nzuri mtaalamu wa fiziotherapia na mshauri nasaha hugawana kazi, maana bega lililoteguka halirudi kwa mazungumzo, na jinamizi haliishi kwa kunyoosha shingo.

Mambo haya yaliisha miaka mingi iliyopita. Mbona mwili bado unashtuka?

Hatari ikitokea, adrenalini humwagika, moyo hwenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi na hupanda juu kifuani. Hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupigana. Kizuizini huwezi kimoja wala kingine: umefunikwa macho, umefungwa mikono, hujui pigo litatoka upande gani. Mwili hujifunza kukaa chonjo saa zote, na kuganda pale ambapo kujitikisa kungeongeza kipigo.

Sehemu ya ubongo inayonusa hatari hufanya kazi haraka kuliko ile inayofikiri. Ndiyo maana mlio wa funguo, harufu ya dizeli au buti kwenye ngazi huamsha mwili mzima kabla hujajua umeshtushwa na nini. Watu waliofungiwa katika seli za chini ya Nyayo House, Nairobi, miaka ya 1980 wameeleza hadharani jinsi walivyowekwa uchi ndani ya seli zilizomwagiwa maji. Kwa mtu aliyepitia hayo, bomba lililopasuka jikoni linatosha kumrudisha kule. Huo si udhaifu, wala hajarogwa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitambui. Mtu anayejikinga hupandisha mabega, hukaza taya, huvuta tumbo ndani, na hufanya hivyo mchana kutwa bila kujua. Misuli isiyopumzika huuma, ndiyo maana kichwa, shingo na kiuno husumbua hata picha za eksirei zikitoka safi. Pia mishipa ya fahamu iliyopokea maumivu mengi kwa muda mrefu huwa myepesi kupita kiasi: mguso mdogo hupokelewa kama pigo. Daktari akikwambia "huna kitu", ana maana hakuna mfupa uliovunjika. Maumivu yenyewe ni ya kweli.

Nitalazimika kusimulia kila kitu? Kuvua nguo? Kuguswa?

Hapana kwa yote matatu. Mtaalamu anahitaji kujua ulipigwa wapi, ulifungwa namna gani, na kitu gani asikifanye. Dakika tano zinatosha kwa hilo, na unaweza kuonyesha kwa mkono badala ya kutamka. Nguo huvuliwa tu pale inapobidi kuangalia kiungo, tena sehemu hiyo peke yake. Mguso huombwa kila mara, si mara moja mwanzoni. Swali sahihi ni hili: "Naomba nishike bega lako la kulia kwa mkono mmoja, ni sawa?" Kisha husubiri jibu. Ukisema ndiyo leo, kesho unaweza kusema hapana bila kueleza sababu.

Tunasisitiza hili kwa sababu mateso kazi yake ni kumnyang'anya mtu uamuzi juu ya mwili wake. Mtaalamu anayeamrisha, hata kwa nia njema na mikono stadi, anarudia kitu kilekile. Tiba nyingi zilizoshindwa zilishindwa hapo, si kwa zoezi baya.

Kikao cha kwanza huendaje?

Unachagua kiti. Wengi hupenda kinachotazama mlango, na mtaalamu mzoefu hatashangaa wala hatakaa kati yako na mlango. Unaonyeshwa choo kilipo. Mnakubaliana ishara ya kusimamisha: mkono juu au neno moja. Kisha mnaijaribu kwa makusudi, mtaalamu anasogeza kiti karibu, wewe unainua mkono, naye anasimama papo hapo. Ukiona ishara imetiiwa, ndipo utaiamini siku ya shida.

Baadaye huja maswali ya maumivu (yako wapi, kuanzia 0 hadi 10 ni mangapi, nini huyaongeza), usingizi, dawa unazotumia, na mambo ambayo hayakuwezekana tangu wakati ule: kupanda matatu, kubeba ndoo, kuswali kwa kusujudu, kumbeba mtoto. Lengo la tiba hutoka kwenye orodha hiyo. "Nataka nipone" ni gumu kupima. "Nataka nitembee hadi sokoni bila kukaa njiani" linapimika.

Kikao huisha kwa zoezi moja tu la nyumbani. Ukipewa manane, hutafanya hata moja.

Nianze na zoezi gani nyumbani?

Anza na pumzi. Kaa kitini, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, macho wazi. Toa pumzi kwanza. Vuta kidogo kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha toa polepole kwa midomo iliyosongezwa, kama mtu anayepoza uji, ukihesabu hadi 6. Hiyo ni takriban pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 3, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Kutoa pumzi ndiko kunakopunguza mbio za moyo, ndiyo maana kunachukua muda mrefu zaidi.

La pili ni ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, sukuma kwa nusu ya nguvu zako kwa sekunde 10, legeza kwa sekunde 20 ukisikiliza tofauti mikononi na mabegani. Rudia mara 5. Zoezi hili huwafaa hasa wanaoganda, kwa sababu mikono inafanya kitu ilichozuiwa kukifanya. Kama kukaza misuli kunakukumbusha kipigo, punguza nguvu hadi robo au achana nalo.

La tatu ni la dharura, pale kumbukumbu inapovamia. Kanyaga sakafu kwa nguvu, geuza kichwa polepole kulia na kushoto, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kisha tarehe ya leo na mji uliopo. Kushika kitu chenye uzito au ubaridi husaidia: funguo zako mwenyewe, kikombe, jiwe.

Kosa la kawaida ni kusubiri hofu ije ndipo ujaribu. Zoezi ambalo hujalifanya ukiwa umetulia halitakuja ukiwa umevurugika.

Nikipumua kwa nguvu napata kizunguzungu na vidole vinachomachoma. Nimeumia?

Hapana, umepumua kupita kiasi. "Vuta pumzi ndefu" ni ushauri maarufu na mara nyingi ni mbaya. Ukivuta sana, kabonidayoksaidi hupungua katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu, midomo kufa ganzi, vidole kuchomachoma na kifua kubana, dalili ambazo mwenye kiwewe huzisoma kama hatari mpya. Vuta kidogo, toa kwa muda mrefu. Ikiendelea, acha kuhesabu pumzi kabisa, simama, sukuma ukuta.

Waliozamishwa majini, waliofunikwa uso kwa mfuko au kunyongwa mara nyingi hawawezi kuelekeza mawazo kwenye pumzi bila kuingiwa na hofu. Hao waanze na nyayo na mikono, si kifua. Kuimba au kuvuma kwa mdomo uliofungwa hurefusha pumzi ya kutoka bila mtu kuifikiria.

Nilipigwa nyayoni. Kwa nini miguu inawaka hadi leo, na nifanye nini?

Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta uliogawanyika vijumba vidogo, kazi yake kupunguza kishindo kila unapokanyaga. Kupigwa nyayoni kwa fimbo, waya au bomba huweza kupasua vijumba hivyo, mto ukatandazika, kisigino kikabaki kinakanyaga karibu na mfupa. Utando mgumu unaoanzia kisiginoni hadi vidoleni nao huweza kuchanika au kufanya kovu, na mishipa midogo ya fahamu huumia. Kwa nje ngozi hupona katika wiki chache, ndiyo maana wengi huambiwa hawana kitu.

Dalili zake zina mpangilio: miguu kuwaka usiku, maumivu makali hatua za kwanza asubuhi, kushindwa kutembea mbali, na baada ya miezi maumivu kupanda magotini, nyongani na kiunoni kwa sababu mtu anakanyaga kwa upande wa nje wa wayo bila kujua. Mtaalamu atakusimamisha, ataangalia kama kisigino kimetandazika, atakunja kidole gumba kwenda juu kuona kama utando unakaza, na atatazama soli za viatu vyako vya zamani zimeliwa upande gani.

Kinachosaidia zaidi ndicho rahisi zaidi: kiatu. Tafuta chenye soli nene laini na kisigino kilichozungukwa vizuri, weka soli ya ndani ya sponji, usitembee peku wala kwa ndara nyembamba hata ndani ya nyumba penye saruji. Kisha:

- Viringisha wayo juu ya chupa ya plastiki au mpira wa tenisi ukiwa umekaa, dakika 2 kila mguu, kwa uzito unaovumilika. Maumivu yakipita 4 kati ya 10, punguza.
- Nyoosha shavu la mguu: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, sekunde 30, mara 3 kila mguu.
- Kwa wanaowaka usiku, sugua wayo kwa vitambaa vya aina tofauti, laini kwanza kisha vya kukwaruza, dakika 5. Mishipa ya fahamu huzoea polepole kuwa si kila mguso ni pigo.
- Loweka katika maji ya vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Wayo uliokufa ganzi hauhisi moto, na wenye kisukari huungua bila kujua.

Mwendo uongezwe kidogo kidogo. Kama unaweza kutembea dakika 10 kabla miguu haijawaka, tembea 7 kila siku kwa wiki nzima, halafu 8. Wengi hutembea saa nzima siku wanayojisikia vizuri, kisha wanalala siku mbili, na hawasongi mbele.

Nilining'inizwa kwa mikono. Bega halipandi.

Kuning'inizwa mikono ikiwa nyuma huvuta fungu la mishipa ya fahamu linalopita kwapani kwenda mkononi. Muone mtaalamu kabla ya zoezi lolote ukiwa na ganzi, mkono dhaifu, au kombe la bega linalotokeza kama bawa unaposukuma ukuta. Kama mishipa ni mizima na tatizo ni ukakamavu, anza mkono ukining'inia: inama, shika meza kwa mkono mzima, acha wa upande mbovu uning'inie na uuzungushe duara dogo mara 10. Baadaye tambaza vidole ukutani kupanda juu, weka alama ya chaki pale ulipofika, na uongeze kidogo kila wiki. Kama kuinua mikono juu kunakurudisha kule, fanya ukiwa umelala chali, mkono mmoja ukiusaidia mwenzake.

Pingu zilizobana huacha ganzi nyuma ya kidole gumba. Mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya miezi.

Kuna vifaa au mbinu ambazo mtaalamu asizitumie kwangu?

Mwambie mapema. Aliyeteswa kwa umeme asiwekewe mashine ya kutuliza maumivu kwa umeme, hata kama ni ile ndogo isiyoumiza. Aliyezamishwa asipelekwe bwawani. Aliyebakwa asilazwe kifudifudi mtu akiwa nyuma yake. Aliyepigwa makofi masikioni apimwe viwambo vya masikio kabla ya kusemwa kuwa "haelewi maelekezo". Hali ni hiyohiyo kwa daktari wa meno, kutolewa damu na vipimo vya uzazi: omba waeleze kila hatua kabla, na waache mlango bila kufungwa kwa ufunguo ukitaka.

Usingizi haupo, na ukija unakuja na jinamizi.

Panga kitanda uuone mlango. Acha taa ndogo ukihitaji, hilo si jambo la kitoto. Miraa na kahawa ziishe mchana. Pombe hulaza mapema lakini huvunja usingizi saa za alfajiri na kuongeza ndoto. Ukiamka kwa kishindo, kaa, weka miguu sakafuni, washa taa, taja tarehe na mahali ulipo, kisha pumzi ya 4 na 6 kwa dakika 3. Usipolala tena ndani ya dakika 20 hivi, ondoka kitandani ufanye kitu cha kuchosha akili, kama kukunja nguo.

Anayelala nawe asikuamshe kwa kukutikisa. Asimame pembeni, mbali na mikono yako, akuite kwa jina hadi ujibu. Wake na watoto wengi wamepigwa ngumi na mtu aliyekuwa bado usingizini, na aibu ya asubuhi huwafanya wengine wahame chumba.

Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zisinunuliwe tu dukani. Shirika la Afya Duniani halishauri zitumike kutibu mfadhaiko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio, na ni rahisi kuzizoea.

Mwili ukianza kutetemeka wenyewe, ni dalili ya kupona?

Kutetemeka baada ya hofu ni jambo la kawaida, na hupita. Kuna mbinu, maarufu zaidi ikiwa ile ya David Berceli wa Marekani, inayochosha misuli ya mapaja ili itetemeke kwa makusudi. Baadhi ya watu hupata nafuu. Ushahidi wake bado ni mdogo, na nadharia kwamba kiwewe "kimekwama" msulini kama kitu kinachosubiri kutolewa haijathibitishwa. Ukitetemeka bila kutaka, kanyaga sakafu, jifunike, subiri. Usilazimishwe kutetemeka mbele ya kundi, na usiamini semina inayoahidi kumaliza yote kwa siku moja.

Masaji, maombi na ngoma vina nafasi?

Masaji ya mabega na shingo, ukiwa umekaa na umevaa, na anayekukanda unamwamini, inafaa. Nguvu nyingi juu ya makovu haifai. Kuimba pamoja, kuswali, kucheza ngoma na kutembea kwa kundi hupanga pumzi na mwendo, tena humwondolea mtu upweke, kwa hiyo tunavikaribisha. Tunakataa kushikwa kwa nguvu wakati wa kuombewa, kufungwa, kuchapwa "ili pepo litoke", kunyimwa chakula na kukeshwa. Mtu aliyenyimwa usingizi na polisi asinyimwe tena na waombezi.

Na kwa walionyanyaswa kingono?

Kama tukio ni la sasa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Usisubiri hati ya polisi ndipo utibiwe.

Baadaye tiba ya mwili hushughulikia misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo kwa wengi hubana isiachie, ikaleta maumivu ya kukojoa, kujisaidia na tendo la ndoa. Wanaume nao hupata haya, ila hawasemi. Kazi huanza mbali na sehemu yenyewe: kulala chali magoti yamekunjwa, mto chini ya kichwa, pumzi ikishuka tumboni, dakika 5. Waliopata fistula (tundu linalovujisha mkojo au choo ukeni) wanahitaji upasuaji. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, huunganisha upasuaji na huduma ya akili na msaada wa kisheria, na mpangilio huo wa kumhudumia mtu mzima badala ya kidonda peke yake ndio tunaoupigia debe.

Polisi bado wanapita mtaani kwetu kila usiku. Tiba ina maana gani mateso yakiwa hayajaisha?

Ina maana tofauti. Kwa kijana anayeishi mahali pa misako ya mara kwa mara, woga ni kinga, na mtaalamu asijaribu kuuzima. Lengo ni kuutenga: mwili uwe chonjo barabarani, ukubali kushuka ukiwa ndani na watu wako. Chagua saa moja na sehemu moja salama kwa siku. Ukiingia, vua viatu, nawa mikono na uso, sukuma ukuta mara 5, kisha ndipo uongee na watu. Kurudia vilevile kila siku ndiko kunakoufundisha mwili ulipo mpaka kati ya nje na ndani.

Yeyote anayemwambia mtu aliye kwenye hatari "legeza tu mabega, yameisha" hajamsikiliza.

Watoto wangu hawakuwepo, mbona nao wana hofu?

Watoto husoma mwili wa mzazi. Mzazi anayeganda kila gari likisimama nje humfundisha mtoto kuganda, bila neno. Habari kwamba mateso huandikwa kwenye jeni na kurithiwa husambaa sana, ila kwa binadamu ushahidi bado haujakaa sawa. Mwambie mtoto jambo fupi linalolingana na umri wake: "Baba aliumizwa zamani, ndiyo maana hushtuka. Si kosa lako." Kisha fanyeni zoezi la ukuta pamoja. Watoto hulipenda.

Huchukua muda gani, na gharama yake?

Vikundi kwa kawaida hukutana mara moja kwa wiki kwa takriban wiki 10. Tiba ya mtu mmoja mmoja mara nyingi ni vikao 8 hadi 12, kisha mapumziko na tathmini. Usingizi na pumzi hubadilika kwanza. Maumivu ya nyayo na bega huenda yasifike sifuri, na tukiahidi hivyo tutakuwa tunadanganya.

Mashirika yanayohudumia walioteswa kwa kawaida hayatozi fedha: kuna IMLU (Independent Medico-Legal Unit) jijini Nairobi na ACTV (African Centre for Treatment and Rehabilitation of Torture Victims) jijini Kampala. Huduma zao hutegemea wafadhili, kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa nauli. Ukikosa, idara ya fiziotherapia ya hospitali ya serikali inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, ilimradi uwaambie yaliyoandikwa hapa juu.

Kuna ushahidi kwamba inafanya kazi?

Upo, haujai debe. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2017 kuhusu maumivu ya kudumu ya walioteswa yalipata majaribio matatu tu, yote madogo, yasiyotosha kuamua. Utafiti wa yoga wa mwaka 2014 nchini Marekani, wenye wanawake 64, ulionyesha dalili za kiwewe zikipungua baada ya wiki 10. Upande wa mazungumzo ushahidi ni mzito zaidi, na baadhi yake umetoka kwetu: mbinu ya Problem Management Plus, vikao 5 vinavyojumuisha zoezi la kupumua polepole, ilipunguza mfadhaiko kwa wanawake wa Nairobi ikiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuzitumia pamoja, na kumkwepa anayeuza tiba ya mwili kama jibu pekee.

Nikitibiwa, sitapoteza ushahidi?

Utapoteza ukichelewa, si ukitibiwa. Michubuko hufifia ndani ya wiki mbili hivi. Piga picha ukiweka rula au sarafu kando ya jeraha, moja ya karibu, moja inayoonyesha kiungo kizima, na uandike tarehe. Utahitaji fomu ya polisi ya kurekodi majeraha: Kenya ni P3, Tanzania PF3. Mwombe daktari aeleze majeraha kwa kufuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1999 uliofanyiwa marekebisho 2022, unaotaka aseme dalili zinalingana kiasi gani na maelezo yako. Kumbukumbu za fiziotherapia husaidia pia: bega lilipanda nyuzi ngapi, tarehe gani.

Kesi huchukua miaka. Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau mnamo Juni 2013, zaidi ya nusu karne baadaye. Usiahirishe tiba ukisubiri hukumu.

Ni lini niache mazoezi niende hospitali moja kwa moja?

Ukipata mawazo ya kujiua. Kupoteza fahamu au degedege. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi. Mguu au mkono unaozidi kuwa dhaifu. Kushindwa kuzuia mkojo au choo, hasa pamoja na maumivu ya mgongo. Mkojo wa rangi ya kokakola siku chache baada ya kipigo kikali: misuli iliyopondwa huziba figo, na hapo saa zina uzito.

Nitatoa ushahidi mahakamani, na aliyenitesa atakuwepo. Mwili nitauandaaje?

Tembelea chumba cha mahakama kabla, siku kisipotumika. Kaa mahali utakapokaa, ona milango, jua choo kilipo. Pitia na wakili wako ni lini unaweza kuomba mapumziko, na mkubaliane ishara.

Siku yenyewe kula, hata kidogo, na vaa kiatu ulichokizoea. Kizimbani kanyaga kwa nyayo zote mbili, mkono mmoja ushike ukingo wa mbao. Kabla ya kila jibu toa pumzi moja polepole. Hakimu ataona mtu anayefikiri. Mtazame anayeuliza au hakimu, si lazima umtazame mtu mwingine yeyote. Ukisahau tarehe, sema hukumbuki. Kumbukumbu za kiwewe huja vipandevipande, na daktari anaweza kuieleza mahakama hivyo.

Panga mtu wa kukurudisha nyumbani, maana kuendesha gari saa hiyo ni hatari. Kesho yake usipange kazi, wala kikao cha tiba. Panga kutembea dakika 20 na mtu msiyelazimika kuongea naye.